Miguu ya Mama Kwenye Kinanda

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, kwa kishindo. Nilikuwa chumbani nimejilaza na simu, nikasikia kitu kinapiga sakafu sebuleni: du, du, du, du. Nikadhani ni watoto wa jirani wa juu. Nikasikiliza vizuri. Hapana, kilikuwa kwetu. Nilipotoka nilimkuta mama amekaa mbele ya kinanda changu, bado amevaa kile kikoti cha ghala chenye mistari inayong'aa, anakanyaga sakafu mguu huu, mguu ule, kama mtu anayepandisha baiskeli mlimani. Vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya vibao vyeupe na macho ameyafumba. Kinanda chenyewe hakijawashwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Niko natafuta upepo."

"Upepo gani? Hii ni ya umeme."

Akafumbua jicho moja. "Bon. Basi leta huo umeme."

Ninyi wadogo mtakaokaa kwenye kile kiti baada yangu, nawaandikia kwa sababu mimi hakuna aliyeniandikia. Nimepiga kinanda cha kwaya tangu nina miaka tisa kule Louisville, mpaka mwaka huu hapa Columbus nikiwa na kumi na tisa. Sasa nimestaafu. Msicheke. Mtu aliyebeba kinanda kila Jumapili kutoka ghorofani mpaka kwenye gari, kutoka kwenye gari mpaka ukumbini, halafu akakirudisha, huyo amefanya kazi na mgongo wake unajua. Tena mimi ni mtu wa haya. Nilichagua kinanda badala ya kuimba kwa sababu mpiga kinanda hukaa pembeni na kuinamisha kichwa, hakuna anayemtazama. Halafu mchungaji akakigeuza kikawaelekea watu, eti nyuso za furaha zinajenga kanisa. Uso wangu mimi haujengi kitu.

Basi nikaacha. Kwaya ikaanza kuimba na muziki wa simu, na kinanda kikabaki sebuleni kwetu, mama akikianikia soksi.

Mpaka Jumanne ile. Mchana, akiwa kwenye mapumziko kazini, mama alikuwa amepigiwa simu kutoka Buffalo na Mama Faida, rafiki yake wa utoto. Hawa wawili walikulia misheni moja kule Kivu. Mama Faida alikuwa anaimba na mama anapiga kinanda cha kanisa, kile cha zamani ambacho hakitoi sauti mpaka miguu isukume pedeli mbili chini ili kivute upepo. Ukiacha kukanyaga, kinakata roho. Sista aliyemfundisha alikuwa na neno moja tu, na mama amelirithi zima: miguu kwanza, vidole nyuma. Vita ilipowafukuza, kinanda kilibaki. Mama Faida aliolewa kambini bila chombo chochote, watu wakipiga makofi na dumu la maji. Mama alisimama pale na mikono mitupu, akamwambia rafiki yake, "Ya mtoto wako nitaipiga mie."

Sasa mtoto mwenyewe, Faida, anaolewa. Na mama, ambaye hajagusa kinanda kwa zaidi ya miaka ishirini, akajibu kwenye simu, "Niko nakuja," kama mtu aliyeitwa kula.

Nilipowasha kinanda na yeye akabonyeza, alishtuka. Alisema sauti inakuja haraka mno, haimngojei. Akajaribu ule wimbo wa kuingiza maharusi. Mstari wa kwanza ulitoka, na nakiri nilisimama kidogo nikamtazama, kwa sababu sijawahi kumsikia mama akifanya kitu chochote ambacho si kazi. Mstari wa pili ukamshinda. Akarudi mwanzo. Akakosea palepale. Akarudi mwanzo.

Hili mlijue mapema, maana na ninyi siku moja mtamfundisha mtu mzima anayerudi. Mtoto akikosea anaendelea, hana habari. Mtu mzima akikosea anarudi mwanzo. Kila mara mwanzo! Kwa hiyo ubeti wa kwanza unakuwa barabara ya lami, wa pili barabara ya udongo, na wa tatu ni pori, hakuna aliyewahi kufika. Nilimwambia, "Mama, anzia pale ulipokosea." Akasema pale alipokosea hapajui, ndiyo maana amekosea.

"Lakini mwanzo unaujua tayari."

"Sifa, mie nilichezaka hii kintu mbele weye uzaliwe."

"Ndiyo shida yenyewe, mama."

Akanitazama mpaka nikarudi chumbani.

Na ile miguu! Ukimwambia aache kukanyaga, vidole navyo vinaacha. Hakuna cha kubishana, nimejaribu. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakinyooki tena sababu ya kubandika utepe kwenye maboksi miaka yote hii, lakini hicho hakikunisumbua hata robo ya miguu. Nilimwambia akae amekunja miguu juu ya kiti. Akawa kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya wageni. Nikamweleza kwamba kinanda hiki hakihitaji upepo wake, kina waya, huu hapa, ameuona? Akasema ameuona. Du, du, du, du.

Siku moja yeye mwenyewe alijifunga miguu kwenye mguu wa kiti kwa kitenge. "Tuone kama itabishana," akasema. Akapiga nusu mstari, akataka kuinuka kwenda kuzima jiko, akaenda na kiti. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye pia alicheka. Halafu akafungua kitenge polepole, akakikunja, na hakucheka tena jioni ile.

Hapo nilipaswa kumkumbuka Ya Deo, na sikumkumbuka. Ya Deo ndiye kaka aliyenifundisha kule Louisville. Alikuwa anatoka kiwandani moja kwa moja kuja mazoezini, mikono inanuka mafuta ya mashine, na alikuwa na subira kama ya ng'ombe. Alinifundisha hivi: mama wa kwaya akianzisha wimbo, usikimbilie kubonyeza. Yeye haanzii pale unapopenda wewe, anaanzia pale koo lake lilipoamkia. Mwache aimbe mstari mzima. Kisha bonyeza kibao kimoja, sauti ndogo, panda kimoja kimoja mpaka kiache kukwaruzana na sauti yake. Ukikipata, ingia kama uliyekuwepo tangu mwanzo. "Mpiga kinanda si dereva," alikuwa akisema. "Mpiga kinanda ni abiria mwenye akili. Gari likienda, anaenda."

Na jambo jingine la Ya Deo: mikono mirefu ya nguo ikunjeni. Siku moja kulikuwa na maombi ya msiba, watu wameinamisha vichwa, wafiwa wako mstari wa mbele, na mkono wa sweta langu ukagusa kile kitufe cha ngoma. Rumba! Tena kwa sauti ya mwisho. Mimi niliganda, sikujua kitufe kiko wapi, machozi yananitoka. Ya Deo akanyoosha kidole nyuma yangu, akazima. Akaninong'oneza, "Usilie. Marehemu mwenyewe aliipendaka." Baadaye mjane alikuja kunishika kichwa akasema ni kweli. Lakini kunjeni mikono.

Turudi kwa mama. Chini yetu anakaa Mzee Zakaria, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Anafanya kazi usiku na kulala mchana hadi jioni, yaani saa zilezile mama anazotoka kazini na kukaa kwenye kinanda. Mara ya kwanza aligonga dari kwa ufagio. Mara ya pili alipanda mwenyewe, amejifunga blanketi.

"Binti, hodi. Hivi mama yako anatwanga nini humo ndani?"

"Ni kinanda, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kinanda nakisikia. Nauliza kinu."

Nilitaka ardhi inimeze. Mama akatokea, akamwomba radhi, akamweleza habari ya upepo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akasema, "Dada yangu, mimi kila nikilala naota niko kambini na watu wanatwanga mihogo. Nimekuja Amerika nisisikie mihogo." Akashuka.

Siku ile mama alizima kinanda katikati ya ubeti wa pili, na hakukiwasha tena. Aliingia jikoni kusonga ugali, akaweka simu juu ya friji kwa spika, akampigia Mama Faida. Nami nilikuwa mezani nakata vitunguu, nilisikia yote.

"Mama Faida, bon, nisikilize. Tumieni muziki ya simu. Vidole vyangu vilikufa."

"Vilikufa lini?"

"Zamani. Sikujua tu."

"Aya, pole ya msiba," Mama Faida akasema. "Na mdomo nayo ilikufa? Maana kwangu uliniahidi na mdomo. Vidole sikuongeaka navyo."

"Usinichekeshe, niko naongea kweli. Nitakuletea haya mbele ya watu."

"Haya gani? Mie niliolewa na dumu! Donc unataka mtoto wangu aingie na simu, ipigwe katikati na mtu wa bima? Weye utakuja. Kama ni kulia, utalia umekaa kwenye piano."

Na akakata. Mama akabaki ameshika mwiko, ugali unaungua, anaitazama simu. "Alinikatia," akasema. "Uliona? Huyu mutu alinikatia." Nikasubiri aseme kitu kingine. Akasonga ugali kwa nguvu mno, na nikaona kwamba mama anaogopa. Mimi kuogopa watu nakujua. Nilidhani katika nyumba yetu woga huo ni wangu peke yangu.

Kinanda kikakaa kimya siku moja, siku mbili. Siku ya tatu mlango ukagongwa. Mzee Zakaria tena, blanketi lilelile, na safari hii amekumbatia kitu kirefu kama bomba.

"Nimekuja kwa ajili ya kelele," akasema.

"Tuliacha, mzee," mama akamjibu kutoka ndani.

"Najua mmeacha. Mmeacha katikati ya ubeti wa pili! Huo wimbo naujua. Tangu siku ile ubeti unanizunguka kichwani, unafika pale ulipoukata, unaanza upya. Silali kabisa. Afadhali mihogo." Akatupa mzigo wake sakafuni ukajikunjua: zulia nene la kijivu, kwa harufu lilikuwa mlangoni kwake muda mrefu. "Kanyaga hapo. Na umalize, tafadhali."

Mama akalitazama zulia, akamtazama mzee. Akakaa. Alivua ndala, akaweka miguu kwenye zulia, akapiga. Miguu haikusikika. Ubeti wa pili ulipita na makosa mawili, na kwa mara ya kwanza hakurudi mwanzo, nadhani kwa kumwogopa mzee aliyesimama mlangoni mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Ulipoisha Mzee Zakaria akavuta pumzi. "Asante," akasema. "Nakwenda kulala."

Kuanzia hapo niliacha kumsahihisha miguu. Nilikaa pembeni tu, akisimama nangoja, akiendelea naendelea naye kwa kuimba polepole. Ndipo nikamkumbuka Ya Deo na abiria wake, nikakasirika, kwa sababu ningemkumbuka mapema ningeokoa wiki nzima.

Ijumaa ya safari mama alilikunja zulia, akalifunga kamba, akaliweka kwenye gari juu ya nguo za harusi.

"Mama, tunaenda harusi na zulia la mlangoni?"

"Mie bila hii sichezi."

"Watatuona."

"Sifa, weye kila siku watatuona, watatuona. Watuone basi. Tumepaka mafuta."

Kule Buffalo Mama Faida anakaa West Side, kwenye nyumba ya mbao ya zamani ambayo ngazi zake zinalia ukizipanda. Alitupokea kwa vigelegele, akamshika mama mashavu, akatuambia habari njema: kwenye kanisa wanaloazima kuna piano ya kweli. Si plastiki. Kubwa, ya mbao, kama ya wazungu wa zamani! Mama akafurahi. Mimi sikufurahi, kwa sababu najua piano ya kweli ina nini chini.

Ina pedeli. Ni za shaba, zinang'aa, zimekaa palepale miguu ya mama inapopita. Lakini pedeli za piano hazivuti upepo. Ile ya kulia ukiikanyaga, hakuna sauti inayokufa: kila unachobonyeza kinabaki kinalia juu ya kingine, mpaka vyote vinakuwa kama sombe ya majani ya mihogo, maharage na samaki kwenye sahani moja.

Jumamosi tulifika kanisani tumechelewa, maana gari la kuwachukua wasimamizi lilipotea njia. Mama alipokaa kujaribu, watu walikuwa wamejaa tayari na bibi harusi yuko nje kwenye gari. Akaanza. Miguu ikatafuta upepo, ikapata shaba, na sombe likamwagika kanisa zima. Akaondoa vidole kama aliyeshika sufuria ya moto. Watu mstari wa mbele wakageuka. Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa ubaya, "Simu yangu iko na chaji."

Mama akainuka. Uso wake ulikuwa uleule wa jikoni, wa mwiko na ugali. "Bon," akasema polepole. "Nilisema." Kisha akanigeukia. "Sifa, kaa weye."

Ule wimbo naujua nikiwa usingizini. Ningekaa, ningeinamisha kichwa, ungekwisha, hakuna ambaye angekumbuka uso wangu. Mama Faida alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la dhahabu, ananitazama mimi, kisha anamtazama mama.

"Mimi nimestaafu," nikasema.

"Sifa!"

"Kaa, mama. Ngoja."

Nikatoka mbio kwenye gari, nikarudi na zulia. Nikalikunja mara mbili, mara tatu, nikapiga magoti mbele ya kanisa zima na gauni langu la kitenge, nikalisokomeza chini ya pedeli zote kwa nguvu mpaka hazishuki tena hata ungezipanda. Lakini mama alipokanyaga kujaribu, zulia likaanza kuteleza kutoka. Nikalirudisha. Likateleza. Basi nikakaa chini kabisa, mgongo kwenye mguu wa piano, miguu yangu imenyooka mbele ya watu wa Buffalo na Louisville na Columbus, nikalishika kwa mikono miwili.

"Piga," nikasema.

Akavua viatu na kuanza.

Sikumwona bibi harusi akiingia. Nilichoona ni miguu ya mama yenye soksi, inakuja, inaondoka, inanikanyaga vidole. Ubeti wa kwanza, lami. Ubeti wa pili nikamkumbuka Mzee Zakaria, ukapita. Wa tatu, palepale alipokuwa akikosea siku zile za mwisho kabla ya safari, alikosea. Vidole vikanyamaza. Na mimi chini pale nikawaza jambo moja tu: atarudi mwanzo. Faida yuko katikati ya kanisa na huyu mama atarudi mwanzo!

Lakini miguu haikusimama. Iliendelea kukanyaga, du, du, du, du, mbele, bila sauti yoyote juu yake. Na kutoka kwenye msafara, mama wa bibi harusi akafungua mdomo akaimba ule mstari peke yake, kwa sauti iliyoanzia pale koo lake lilipokuwa, si pale piano ilipokuwa. Mama akamwacha aufikishe mwisho. Kisha juu ya kichwa changu nikasikia kibao kimoja, kidogo. Halafu kingine juu yake. Halafu akaingia, na wakaenda pamoja mpaka mwisho, na watu wote juu yao, na vigelegele, na mimi nimekaa sakafuni nalia nimeshika zulia linalonuka mlango wa mzee.

Baadaye, kwenye chakula, nilisubiri aniambie neno. Alikuwa anakula samaki na Mama Faida kutoka sahani moja, wanachekana.

"Ubeti ya pili, zulia ulishika vibaya," akaniambia. "Ilikuwa inateleza."

"Mama!"

"Njo vile. Mara ingine ushike na magoti." Akatoa mwiba mdomoni. "Jumapili ingine hiyo kinanda nitaibeba mie, tuipeleke kanisani. Muziki ya simu imetosha. Na hao watoto wa kwaya, nitawafundisha."

Kwa hiyo watoto hao ndio ninyi. Hajui kukunja waya, mtamwonyesha: kwa mduara mpana, msiuzungushe kwenye kiwiko. Atawakemea kwa makosa ambayo na yeye anayafanya. Atawaambia mkanyage upepo kwenye kinanda cha umeme. Kanyageni. Mtajiona wajinga, na Mungu anajua nilivyobisha, lakini kanyageni.

Asubuhi yake Mama Faida alikuwa jikoni anapasha chai. Nikamwomba kisu cha nyama. Nikalitandika zulia la Mzee Zakaria kwenye ngazi za mbao mbele ya nyumba, nikalipima kwa viatu vya mama, nikalikata katikati: kipande cha nyumbani, kipande cha kanisani.